Kabla Hujaivika Pikapu Yako Tairi Kubwa

Tairi jipya likizidi la zamani kwa sentimita tano na nusu za kimo, pikapu inanyanyuka chini ya sentimita tatu. Nusu ya ongezeko inakwenda juu ya ekseli, nusu inakaa chini yake, na ni ile ya chini tu inayoliepusha difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, na jiwe. Gharama hazigawanywi hivyo. Klachi, breki, beringi na tangi la mafuta vinalipia ongezeko zima. Mtu akilishika hilo mapema, mengine yote kuhusu tairi kubwa yanaeleweka kwa urahisi.

Namfikiria mwenye Hilux, D-Max, Ranger au L200 iliyo kama ilivyotoka kiwandani, anayepakia mawese Ujiji, dagaa Kibirizi au ndizi Kalinzi, na kila mwaka mvua za kuanzia Novemba mpaka Aprili zinamkwamisha kwenye njia za mashambani. Hamu yake ya tairi kubwa ni ya haki kabisa. Ila dukani anauziwa kimo, wakati kinachomkwamua mtu kwenye tope la mkoa huu wa Kigoma mara nyingi ni kitu kingine.

Tuanze na maandishi ya ubavuni, maana ubishi mwingi wa dukani unakwisha mtu akijua kuyasoma. Chukua 265/65R17, saizi ambayo Hilux nyingi za miaka ya karibuni hutoka nayo. 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya ule upana, yaani milimita 172. R huonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na karibu matairi yote ya pikapu za leo yana herufi hiyo. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ina milimita 25.4, kwa hiyo rimu ina milimita 432. Jumlisha ubavu wa juu, rimu, na ubavu wa chini: 172, 432, 172. Unapata 776. Hicho ndicho kimo cha tairi likiwa halijabeba mzigo.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa 265/70R17. Upana haujabadilika hata kidogo, ubavu ndio uliorefuka, na kimo kinafika 803, yaani ongezeko la asilimia 3.4. Ukienda 285/70R17 unapata 831, ongezeko la asilimia 7. Halafu angalia 265/60R18, tairi la rimu kubwa zaidi ambalo wengi huliona dukani wakadhani litainua gari: kimo chake ni 775. Rimu imekua, ubavu umepungua, gari liko pale pale, na sasa kuna mpira mchache zaidi kati ya rimu yako na mawe ya njiani. Kwa barabara zetu hiyo ni hasara tupu.

Umebadili gia bila kufungua giaboksi

Zile asilimia ndizo zinazoigusa injini. Tairi la kimo cha 776 huzunguka mara 410 hivi kwenye kilomita moja. Lile la 831 huzunguka mara 383. Injini haijui kwamba umebadili tairi. Inasukuma kwa nguvu ile ile, lakini kila mzunguko mmoja wa gurudumu sasa unalipeleka gari mbali zaidi, na umbali huo wa ziada unalipwa kwa nguvu ya kuvuta. Tuseme difu yako ina uwiano wa 3.909, yaani shafti inayoingia humo huzunguka mara 3.909 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukivika tairi refu kwa asilimia 7, gari linakuwa kama lililofungwa difu ya 3.65. Gia zote zimekuwa nyepesi kwa mwendo na nzito kwa mlima, kuanzia namba moja mpaka ya mwisho, na ya kurudi nyuma pia. Ni sawa na kupanda mlima kwa baiskeli iliyopakiwa mikungu ya ndizi huku mnyororo umekwama kwenye gia nzito.

Mtu wa mahali tambarare anaweza asilione hilo kwa miaka. Kigoma utaliona wiki ya kwanza. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kalinzi, Manyovu na Heru Juu vinapanda mamia ya mita juu ya hapo, kwa hiyo ukitoka ziwani na mzigo kuelekea huko, unapanda. Kwenye lami ya Mwandiga kwenda Manyovu, kilima ulichokuwa ukikimaliza na namba tatu kitakudai namba mbili. Hilo si janga. Utafika, umechelewa kidogo, umekula mafuta zaidi.

Janga liko pale unapoanza mwendo. Gari limepakiwa, limesimama kwenye njia ya shamba inayopanda, chini kuna utelezi, na dereva anaiachia klachi nusunusu ili injini isizime. Ile asilimia 7 iliyopotea anaifidia kwa kuisugua klachi, na harufu ya kuungua inayoingia kwenye kebini ndiyo risiti yake. Kama pikapu yako ina gia ya nguvu, yaani 4L, hapo ndipo mahali pake. Kwenye udongo itumie bila kusitasita. Pikapu isiyo na 4L, ya magurudumu mawili ya nyuma tu, mimi ningeiacha kwenye kimo cha kiwandani kabisa, kwa sababu haina pa kukimbilia.

Kushuka nako kuna deni lake. Pedi zinaikamata diski ile ile, kwa nguvu ile ile ya mguu, lakini gurudumu limekuwa refu, kwa hiyo nguvu ya kuzuia inayofika ardhini imepungua. Gurudumu lenyewe pia limekuwa zito. Tairi la mzigo lenye kashata, yaani meno ya tairi, nene linaweza kuzidi lile la kiwandani kwa kilo tano au zaidi, na uzito huo unazunguka, kwa hiyo ni mgumu kuuanzisha na mgumu kuusimamisha. Unaning'inia pia kwenye boljointi, tairodi na beringi ambazo zilipimwa kwa gurudumu jepesi. Ukiwa umetoka Manyovu na mzigo wa ndizi, shuka kwa gia ya chini na uiachie breki kazi ya kusaidia tu.

Dashibodi nayo itaanza kukupa habari zisizo sahihi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inakataza spidomita kuonyesha mwendo pungufu ya ule wa kweli, lakini inaruhusu izidishe kidogo, ndiyo maana magari mengi mapya yanasema 100 wakati yanakwenda 96 au 97. Akiba hiyo inatosha kuumeza mruko wa asilimia 3. Wa asilimia 7 unaweza kuizidi, na penye kibao cha 50 ukapigwa tochi huku mshale unakuambia uko salama. Pima mwenyewe kwa GPS ya simu kwenye lami iliyonyooka, abiria akiwa ndiye anayesoma. Hesabu ya kilomita nayo inapungua: 100 za dashibodi ni 107 za barabarani. Anayepima ulaji wa mafuta kwa dashibodi ataona gari linakula kuliko linavyokula kweli, na anayebadili oili kila kilomita 5,000 atakuwa anabadili kwenye 5,350.

Wembamba na urefu

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi. Mteja anayelalamika kukwama huonyeshwa tairi pana. Pana hupendeza, gari linaonekana limesimama imara. Lakini kaa Kasulu au Kibondo uangalie Land Cruiser za mkonga za mashirika ya misaada, magari ambayo kukwama kwao ni kazi kulala. Nyingi za aina hiyo hutoka kiwandani na tairi la 7.50R16: jembamba, upana wake ukizidi kidogo milimita 200, lakini refu, karibu sentimita 80. Refu na jembamba.

Sababu iko kwenye udongo. Mvua ikinyesha kwenye njia zetu za udongo mwekundu, kinacholainika kwanza ni tabaka la juu, na chini yake mara nyingi kuna udongo uliokazwa na magari ya kiangazi chote. Tairi jembamba linaukandamiza uzito wa gari kwenye eneo dogo, linalikata lile tabaka laini na kuishika ile ngumu iliyo chini. Tairi pana linabaki juu, linaelea kwenye uji, na gari linaanza kwenda upande likifuata mteremko wa barabara badala ya stelingi. Tena tairi pana linasukuma tope jingi zaidi mbele yake, na kusukuma huko ni mafuta.

Upana una nafasi yake: mchanga. Ufukweni mwa ziwa, au kwenye njia za mchanga za upande wa Tabora, hakuna tabaka gumu la kufikia karibu, kwa hiyo unataka kuelea. Lakini hata huko kuna njia ya bei nafuu, nayo ni upepo. Tairi la PSI 35 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) likishushwa hadi 20 hivi linalala, sehemu inayogusa ardhi inarefuka sana kuelekea mbele na nyuma, na gari lililokuwa linajichimbia linatoka lenyewe. Nakuomba ulijaribu hili kabla hujatoa hela ya matairi manne. Unahitaji kipimo cha upepo na pampu ndogo inayotumia betri ya gari, basi. Masharti ni mawili na hayana mzaha: mwendo uwe wa polepole bila kona za ghafla, maana tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu, na ukifika barabara ngumu ujaze tena kabla hujakanyaga mafuta. Gari lililopakiwa mzigo kamili usilishushe kiasi hicho.

Kuhusu kashata: udongo mfinyanzi wa Kasulu unajaa kwenye mifereji, na mifereji ikishajaa hata tairi jipya linateleza sawa na kipara. Kashata zenye nafasi pana katikati, zile zinazoandikwa M/T, zinautupa udongo nje gurudumu linapozunguka. Lakini barabara kuu za mkoa sasa sehemu kubwa ni lami, na M/T kwenye lami iliyolowa hushika vibaya wakati wa breki, hupiga kelele na huisha haraka. Kwa mtu ambaye safari yake ni lami ndefu na kipande cha tope mwishoni, A/T, yaani kashata za kati zinazofaa lami na udongo, inamtosha. M/T nampa anayekaa mashambani.

Mzigo

Sehemu hii naiandika kwa msisitizo kwa sababu ndiyo inayoua watu. Baada ya saizi, ubavuni kuna namba na herufi, kwa mfano 112S. Namba hiyo ni uzito ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba likiwa na upepo uliopangwa: 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1,000, 112 ni kilo 1,120, 116 ni kilo 1,250, 121 ni kilo 1,450. Ukiona mbili, kama 121/118, ya pili ni ya magari yanayofungwa matairi mawili mawili nyuma, haikuhusu. Herufi ni ukomo wa mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190. Kwa kazi yetu herufi haina shida. Namba ndiyo ya kuitazama.

Piga hesabu ya madumu 40 ya mawese ya lita 20. Mawese ni mepesi kuliko maji kidogo, kwa hiyo dumu moja lina kilo 18 hivi, na madumu 40 ni zaidi ya kilo 720. Karibu uzito wote huo unakaa juu ya ekseli ya nyuma, ukiongezea uzito wa gari lenyewe na watu. Sasa mtu ana pikapu iliyotoka na tairi la mzigo, lenye herufi C mwishoni mwa saizi, akabadilishiwa tairi la gari la kutembelea lililo pana na zuri lenye 104. Kwa macho amepanda daraja. Kwa hesabu huenda ameshuka. Tairi lililozidiwa linajikunja ubavuni kila mzunguko, kujikunja kunaleta joto, joto linatenganisha matabaka ya ndani, na siku linapopasuka ni mchana wa jua kali, gari liko kwenye mwendo, mzigo uko juu. Namba ya uzito ya tairi jipya isiwe chini ya ile ya kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Iwe sawa au izidi.

Kuna mtego ndani ya hilo hilo. Matairi magumu ya mzigo, yale yanayoanza na LT, hubeba uzito wao mkubwa kwa upepo mkubwa. Ukiliweka LT kwenye PSI ile ile ya tairi laini la zamani, linaweza kubeba pungufu ya lile la zamani. Kibandiko cha mlangoni hakilijui tairi hilo. Uliza jedwali la upepo na uzito la mtengenezaji wake. Kama muuzaji hana na hajui pa kulipata, tafuta muuzaji mwingine.

Tazama pia tarakimu nne za tarehe kwenye ubavu, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzima linaweza kuwa na mpira uliokwisha kukauka, na kukauka hakuonekani kwa kupapasa.

Kuingia na kufanya kazi

Dukani Mwanga mazungumzo huwa mafupi.

"Fundi, hii gari iko chini mno. Nataka isimame."

"Bosi, hapa 285 inaingia bila kukata kitu."

Fundi anasema kweli. Inaingia, gari likiwa tupu, limesimama, stelingi imenyooka. Mwambie akunje stelingi mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, halafu arudi nyuma akiwa amekunja hivyo hivyo. Kisha gurudumu moja la mbele lipande juu ya jiwe au gogo ili springi ijikunje, na akunje tena. Achunguze plastiki ya ndani ya madigadi, kifuta tope, na chesisi iliyo nyuma ya gurudumu la mbele. Halafu akumbuke tope: nafasi ya kidole kimoja kati ya tairi na madigadi inajaa udongo mwekundu ndani ya mita mia, na udongo ukikazana hapo unasugua tairi na kula rangi. Mimi nataka nafasi ya ngumi.

Rimu nayo ina kikomo. Tairi la 285/70R17 linahitaji rimu yenye upana wa inchi 7.5 au zaidi. Zile rimu za chuma za inchi 6 za pikapu za kazi hazifai hata kwa 265. Wapo wanaoongeza spesa, kipande cha chuma kinachowekwa nyuma ya rimu, ili kulitoa gurudumu nje lisiguse. Beringi italilipia hilo, na stelingi itakuwa inavuta kila ukikanyaga shimo.

Kwa hiyo, kama gari ni lako na unaniuliza: kwa pikapu iliyotoka na 265/65R17, ruka hatua moja tu, 265/70R17, kashata za A/T, namba ya uzito isiyopungua ile ya kiwandani, na hela inayobaki inunue pampu ya upepo. 285 ni ya mtu aliye tayari kubadili na uwiano wa difu, au ambaye hapakii mzigo. Na kabla ya yote zunguka uulize saizi hiyo inapatikana wapi. Tairi likichanika Uvinza, saizi ambayo duka la karibu halijawahi kuiona itakulaza hapo mpaka basi la kesho lilete nyingine.

Nunua matano, siyo manne. Pikapu za 4x4 nyingi, ukiingiza 4H (magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida), zinafunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, na spea fupi ikifungwa upande wowote, giaboksi ya 4x4 na difu vinavutana kila mita hadi kimoja kikubali kuvunjika. Spea hiyo inakaa chini ya bodi, nyuma, penye nafasi iliyopimwa kwa tairi la kiwandani. Mwambie fundi aishushe ya zamani na kuipandisha mpya mahali pake, aikaze, aangalie kama inagusa ekzosi au springi, kabla hujafungua pochi.